UZI: Eti "pengwini" ni neno la Kiwelisi? Tulichambue neno PEN, na kila linachobeba kichwani

Mchimba_Maneno #1
Wakuu, salaam. Kuna dai halifi: jina la ndege pengwini (wengine humwita ngwini) limetoka Kiwelisi, lugha ya watu wa Welisi (Wales). *Pen* ni kichwa, *gwyn* ni nyeupe, basi *pen gwyn* ni kichwa cheupe. Tabu ni kwamba pengwini karibu wote vichwa vyao ni vyeusi tii. Sasa Wawelisi walikuwa hawaoni vizuri, au ni sisi tunaopigwa changa la macho? Wajuzi wa lugha na wajuzi wa ndege, uwanja wenu.

Kipanga75 #2
Mkuu, unamkagua ndege ambaye siye. Pengwini wa kwanza kuitwa hivyo hakuwa huyu wa barafu ya kusini. Alikuwa ndege wa Atlantiki ya kaskazini, jina lake la kisayansi *Pinguinus impennis*. Kimo sentimita 75 hadi 85, uzito kama kilo 5, mbawa fupi mno, haruki, anasimama wima, mgongo mweusi na tumbo jeupe. Wavuvi wa chewa walimkuta kwa maelfu kwenye visiwa vya Newfoundland, hasa kile kinachoitwa sasa Funk Island. Nchi kavu hana mbio, basi waliweka mbao kutoka mwambani hadi mashuani wakamswaga kama mbuzi. Kitoweo cha safari, mafuta, na baadaye manyoya ya magodoro. Wawili wa mwisho wanaojulikana waliuawa kisiwa cha Eldey, Iceland, mwezi Juni 1844.
Mabaharia walipofika kusini mwa dunia wakaona umbo lile lile, wakampa jina lile lile. Undugu wa karibu hawana.

Mchimba_Maneno #3
Shukrani. Lakini hujajibu. Huyo wa kaskazini kichwa chake rangi gani?

Kipanga75 #4
Cheusi. 😀 Ila mbele ya kila jicho alikuwa na baka jeupe lenye umbo la yai, linaonekana kutoka mbali. Hapo ndipo wenye dai la Kiwelisi wanaposhika mti.

Zuwena_T #5
Mti wenyewe mkavu. Maelezo mepesi zaidi ni Kilatini *pinguis*, yaani "nono". Ndege aliyejaa mafuta kaitwa mnono, kwisha. Wajerumani na Waholanzi wanaandika *pinguin*, Wahispania *pingüino*, wote kwa *i*. Hiyo *e* ya *pen* ni ya Kiingereza peke yake.

Baharia_wa_Nchi_Kavu #6
Na kuna la tatu: *pin* na *wing* za Kiingereza, "bawa lililofungwa kwa pini", kwa sababu lile bawa linaonekana kama limekatwa. Silitetei, naliweka mezani tu lisije likalalamika limeonewa.

Mwana_Kamusi #7
Twende kwenye maandishi kabla hatujachagua upande.
Francis Fletcher, kasisi aliyekuwa ndani ya meli ya Francis Drake katika safari ya 1577–1580, anaandika kuhusu ndege wengi wa mlango-bahari wa Magellan, kusini kabisa mwa Amerika, na anasema waziwazi kwamba ni ndege ambaye Wawelisi humwita *Pengwin*. Mwaka 1578 Anthony Parkhurst anaandika habari za Newfoundland, naye anawataja pengwini na kisiwa chao. Maana yake neno linaibuka pande zote mbili za dunia karibu kwa wakati mmoja, na shahidi wa mapema kabisa analipeleka Welisi.
Zuwena, hiyo *i* unayoitegemea imo kwenye maandishi ya mataifa yaliyolipokea neno baadaye. Waandishi wao wengi walisoma Kilatini, na aliyesoma Kilatini akisikia "pengwin" akamwona ndege mnono, kalamu yenyewe inateleza kwenda *pinguis*.

Zuwena_T #8
Mwana Kamusi, usiache nusu ya ushahidi mfukoni. Mwaka 1583 George Peckham anachapisha kitabu cha kuhimiza Waingereza wahamie Amerika. Humo anasimulia kwamba mwanamfalme wa Welisi, Madog, alifika huko mnamo 1170, na mojawapo ya "thibitisho" zake ni hilo neno pengwini. Neno likageuzwa hati ya shamba: ikiwa Wawelisi walifika kabla ya Columbus, basi malkia Elizabeth I anaweza kuwaambia Wahispania wasogee. Kila aliyelitaja neno hili kuwa la Kiwelisi miaka hiyo mchunguze mara mbili, alikuwa anauza nini.

Mwana_Kamusi #9
Nakubali kwa Peckham. Kwa Fletcher, hapana. Yeye anataja jina kwa kupita, kama mtu anavyosema "watu wa pwani humwita fulani". Madog hayumo.

Mzee_wa_Ngeli #10
Nimesoma kimya kimya, sasa niseme la sarufi, maana hakuna aliyeligusa.
Kiwelisi huweka sifa baada ya jina kama sisi: *pen gwyn*, kichwa cheupe, kwa mpangilio ule ule. Mwingereza angeanza na weupe. Hilo ni la kuwasaidia wenye dai.
La kuwaumiza ni hili. Kiwelisi kina mabadiliko ya konsonanti ya mwanzo. Sifa ikiunganishwa na *pen* kuwa neno moja la kumwelezea mtu au mnyama, konsonanti yake inalainika: *coch* (nyekundu) inazaa *pengoch*, mwenye nywele nyekundu. *Melyn* (njano) inazaa *penfelyn*. *Du* (nyeusi) inazaa *penddu*, na kuna ndege aitwaye *telor penddu*. *Gwyn* ikilainika, *g* inaanguka kabisa: *penwyn*, mwenye mvi. Hilo neno lipo na linatumika. Kwa hiyo ndege mwenye kichwa cheupe alipaswa kuitwa *penwyn*. Hiyo *g* ya pengwini inatafuta nini pale?

Mchimba_Maneno #11
Aisee. Hapo mzee umemwaga maji kwenye moto.

Mwana_Kamusi #12
Hajazima. *Penwyn* ni neno-ambatani. *Pen gwyn* kama maneno mawili huru haliguswi, kwa sababu *pen* ni la kiume, na sifa hulainika baada ya jina la kike la umoja tu. Msichana mweupe ni *merch wen*, lakini kichwa cheupe kinabaki *pen gwyn*. Na maneno mawili huru ndiyo yanayotumika kuita mahali, yaani kilele, rasi, mwamba. Ndiyo maana wapo wanaosema kilichoitwa *pen gwyn* kwanza kilikuwa rasi au kisiwa kilichopakwa chokaa na vinyesi vya ndege, halafu jina likahama kutoka mwambani kwenda kwa mkazi wake.

Kipanga75 #13
Hiyo naipenda kuliko baka. Visiwa vya ndege huonekana vyeupe ukiwa bado mbali sana, na hata Funk Island inasemwa ilipata jina kwa harufu ya huo uchafu.

Baharia_wa_Nchi_Kavu #14
Kwa hiyo tumetoka kichwa cheupe tumefika kinyesi cheupe. Uzi unakua.

Salma_Msomaji #15
Nimechelewa kufika. Naomba kwanza mnipe maana za *pen*. Ni kichwa tu, au kama chetu kinavyobeba kichwa cha habari, kichwa cha treni, na "huyo ni kichwa"?

Mzee_wa_Ngeli #16
Dada Salma, linabeba zaidi. Fungu la kwanza ni kichwa cha mwili: *pen*, wingi *pennau*. Kichwa kikiuma, kusini utasikia *pen tost*, kaskazini *cur pen*. Uchovu wa pombe asubuhi ni *pen mawr*, kichwa kikubwa. Kumnyamazisha mtu ni *cau dy ben*, "funga kichwa chako", na si maneno ya kumwambia mkweo.
Pili, ukuu. *Pennaeth* ni chifu au mkuu wa idara. Katika sheria zinazohusishwa na Hywel Dda, mfalme wa karne ya 10, kuna *penteulu*, mkuu wa askari wa nyumba ya mfalme, na *pencenedl*, mkuu wa ukoo.
Tatu, ncha au mwisho, na hapa ndipo wageni wanapojikwaa. *Penwythnos* ni wikendi, "mwisho wa juma". *Pen-blwydd* ni siku ya kuzaliwa, pale mwaka wako unapofika ukingoni. *Penelin* ni kiwiko, *pen-glin* goti, *pen-ôl* makalio (ncha ya nyuma, msicheke). *Gorffen*, kumaliza, ni *pen* ile ile ndani ya nguo nyingine. *Penderfynu*, kuamua, ni *pen* na *terfyn*, mpaka.
*Ar ben* nayo ina pande mbili, "juu ya" na "imekwisha". *Mae ar ben* ni mambo yameisha. Lakini *ar ei ben ei hun*, neno kwa neno "juu ya kichwa chake mwenyewe", ni "peke yake". Mashine za kutafsiri zikilipata hilo neno kwa neno, mtu anayekaa peke yake hugeuka mwanasarakasi.
Bei kwa kila mtu ni *y pen*, sawa na sisi tunavyosema kwa kila kichwa.

Salma_Msomaji #17
Shukrani mzee. Kwa hiyo humu ndani tunapoitana "mkuu, mkuu" kila mmoja ni *pennaeth*.

Baharia_wa_Nchi_Kavu #18
Mapennaeth watupu, raia hakuna.

Jicho_la_Ramani #19
Niongeze ya ramani. *Pen-y-bont* ni "mwisho wa daraja", mji ambao Waingereza huuita Bridgend. *Pont* ni daraja, ni la kike, baada ya *y* likawa *bont*. *Pen y Fan*, kilele cha juu kabisa kusini mwa Welisi, mita 886: *fan* ni *ban*, kilele, iliyolainika. Ukitafuta *fan* kwenye kamusi hutaiona. Hifadhi ya taifa yenye kilele hicho tangu 2023 inajiita kwa Kiwelisi tu, Bannau Brycheiniog, na *bannau* ni wingi wa hiyo hiyo *ban*.
Sasa mitego. Penarth wengi watakwambia ni "kichwa cha dubu", kwa sababu *arth* ni dubu. Maelezo yenye nguvu ni *pen* na *garth*, kilima au rasi, *g* ikaanguka kama alivyoeleza mzee #10. Dubu hahusiki.
Si kila Pen ya Uingereza ni ya Kiwelisi vilevile. Kiingereza cha kale kilikuwa na *penn* yake, zizi la mifugo. Ukikuta Pen kwenye ramani fanya hivi: tafuta tahajia yake ya zamani kabisa, tazama neno linalofuata ni la lugha gani, halafu angalia ardhi yenyewe kama ina kilima, rasi au ukingo wa msitu. Penge, kitongoji cha London, katika hati ya 1067 imeandikwa Penceat. Hapo unaiona *coed*, msitu, kwa hiyo ni mwisho wa msitu. Bila hiyo tahajia ungebaki unabahatisha. Penrith, mji wa kaskazini mwa Uingereza, nayo hadi leo watu wanagawanyika kati ya *rhyd*, kivuko, na *rhudd*, nyekundu.

Mwana_Kamusi #20
Usiisahau Pendle, Lancashire. Wenyeji wa kale walikiita kilima *pen*. Waingereza walipofika wakadhani ni jina, wakaongeza *hyll*, kilima. Karne zikapita, Penhul ikawa Pendle, maana ikafa, wakaongeza tena Hill. Leo ni "Kilima Kilima Kilima".

Mvita_Halisi #21
Tusiwacheke sana. Sisi twasema Mlima Kilimanjaro, na "kilima" tayari imo ndani.

Jicho_la_Ramani #22
😀 Hiyo *njaro* nayo ina uzi wake wa kurasa 40, tusiifungue hapa.

Kipanga75 #23
Vipi milima ya Pennines? Si ni *pen* dhahiri?

Mwana_Kamusi #24
Dhahiri ndiyo neno la hatari humu. Mwaka 1747 kijana Mwingereza aliyeishi Copenhagen, Charles Bertram, alianza kumwandikia msomi William Stukeley kwamba amepata hati ya mtawa wa zama za kati yenye ramani ya Britania ya Warumi. Ikachapishwa 1757, ikaaminiwa karibu miaka 100, kisha ikabainika ameighushi mwenyewe. Jina la milima hiyo katika umbo tulilonalo lilienezwa sana na hati hiyo. Wengine wanasema Bertram alibuni tu kwa kuiga Apennines za Italia, ambazo msomi wa kabla yake, William Camden, alikuwa ameshazilinganisha nazo. Wengine wanasema lilikuwapo jina la wenyeji lenye *pen* ndani.
Apennines zenyewe wapo wanaozipeleka kwenye *penn* ya Kikelti (ukoo wa Kiwelisi na lugha ndugu zake). Hata Livy, mwandishi wa Roma, aliukuta ubishi wa namna hii kuhusu Alpi. Watu walisema sehemu iitwayo Poenina ilipewa jina na Wapuni (watu wa Karthago) wa Hannibal, naye akasema hapana, ni jina la mungu aliyeabudiwa kileleni.

Zuwena_T #25
Na Pennsylvania? Msiniambie nayo.

Mwana_Kamusi #26
Nayo kwa mlango wa nyuma. Machi 1681 William Penn anaandika kwamba alitaka koloni lake liitwe New Wales, kwa kuwa ni nchi ya vilima. Katibu wa mfalme, ambaye mwenyewe alikuwa Mwelisi, akakataa. Penn akapendekeza Sylvania, wakamtangulizia Penn. Akaona haya kuonekana anajipa jina, akajitetea kwamba *Penn* kwa Kiwelisi ni kichwa, akataja Penmaenmawr na Penrith, akasema maana yake ni "misitu ya juu". Mfalme yeye alikuwa anamuenzi baba wa Penn, amiri wa jeshi la majini.

Zuwena_T #27
Unaona sasa? Peckham anatumia *pen* kudai bara, Penn anaitumia kuficha jina lake. Hili neno kila mwenye shida analiazima.

Mvita_Halisi #28
Naomba kuuliza la sauti. Nasikia Waayalandi kichwa wanasema *ceann*. Hiyo ni *pen* kweli?

Mzee_wa_Ngeli #29
Ni ile ile, ndugu. Lugha mama yao ilikuwa na sauti "kw" mwanzoni. Upande wa Welisi, Cornwall na Bretagne (Ufaransa) ikawa *p*, upande wa Ayalandi na Uskoti ikawa *k*. Pima: nne ni *pedwar* kwa Kiwelisi, *ceathair* kwa Kiayalandi. Tano ni *pump* (soma "pimp") na *cúig*. Mwana ni *mab* na *mac*. Rasi ya Kintyre huko Uskoti ni *ceann* na *tír*, kichwa cha nchi, na kwa Kiwelisi neno hilo hilo ni *pentir*.

Mwana_Kamusi #30
Na kuna mahali utaona badiliko hilo likifanyika kwenye jina moja. Bede, akimaliza historia yake mwaka 731, anasema mwisho wa mashariki wa ukuta wa Warumi huko Uskoti panaitwa Peanfahel kwa lugha ya Wapikti, wenyeji wa kale wa Uskoti, na Penneltun kwa Kiingereza, "kichwa cha ukuta". Leo panaitwa Kinneil. Wazungumzaji wa Kigaeli (ndugu wa Kiayalandi) walipoingia wakang'oa *pen* wakapachika *kin*. Kibao kimebadilishwa, ukuta haujasogea.

Mvita_Halisi #31
Basi ni kama sisi wa Mvita. Twasema *kitwa*, nyinyi wa Unguja na bara mwasema *kichwa*. Wanyarwanda wana *umutwe*, Waganda *omutwe*. Hiyo *t* yetu ndiyo ya zamani, mkitaka mkasirike.

Mzee_wa_Ngeli #32
Hatukasiriki, ni kweli. *Tw* imegeuka *chw* Unguja.

Salma_Msomaji #33
Swali la mwanafunzi: nikikuta *mhen*, *ben* au *phen* kwenye maandishi, nitajuaje ni *pen*?

Mzee_wa_Ngeli #34
Tazama neno lililotangulia. *Fy mhen*, kichwa changu. *Dy ben*, chako. *Ei ben*, chake yeye mwanamume. *Ei phen*, chake yeye mwanamke. Angalia: "chake" ni *ei* kwa wote wawili, anayekwambia ni mume au mke ni ile herufi ya kwanza ya kichwa. Ukikosea hapo umemvika mtu kichwa cha mkewe. Kwenye kamusi *b* jaribu *p*, *mh* jaribu *p*, *ph* jaribu *p*. Neno likianza na irabu au *w* na hulioni, rudisha *g*.
Sisi tuna ulimi na ndimi, refu na ndefu, kwa hiyo sikio letu lishazoea mwanzo wa neno kugeuka. Tofauti ni kwamba kwao kinachougeuza mara nyingi ni neno la jirani.

Sajenti_Kamusi #35
Mmesahau Bendigeidfran, yule jitu wa hadithi zao ambaye kichwa chake kilizikwa London. *Ben* hiyo hapo, imelainika.

Mzee_wa_Ngeli #36
Hapana sajenti. Hiyo ni *bendigaid*, "mbarikiwa", kutoka Kilatini, na Brân ni jina lake. Kichwa kimo kwenye hadithi, kwenye neno hakimo. Ila kosa lako ni zuri.

Sajenti_Kamusi #37
Nimepokea. Narudi kambini.

Jicho_la_Ramani #38
Turudi kwa ndege kabla mwenye uzi hajatufungia. Kuna upande hamjautaja: Wabretoni, watu wa Bretagne. Nao walivua chewa Newfoundland mapema katika karne ya 16, na kwa Kibretoni kichwa cheupe ni *penn gwenn*. Lugha ya Cornwall nayo ina *pen* na *gwyn*. Anayesikia sauti hiyo kwenye sitaha ya Mwingereza atasema "Welisi" kwa sababu ndio anaowajua. Fletcher anaweza kuwa mkweli na bado akakosea kijiji.

Kipanga75 #39
Na Wafaransa wana mkanganyiko wao hadi leo. *Pingouin* kwao ni ndege wa kaskazini, pamoja na yule aliyekwisha. Wa kusini wanamwita *manchot*, yaani aliyekatika mkono. Ukisoma kitabu cha Kifaransa ukatafsiri *pingouin* kuwa pengwini, umempeleka ndege Antaktika bila nauli.

Baharia_wa_Nchi_Kavu #40
Aliyekatika mkono! Hiyo inaipa nguvu nadharia yangu ya bawa lililofungwa kwa pini.

Zuwena_T #41
Si ulisema huitetei?

Baharia_wa_Nchi_Kavu #42
Nilikuwa naiangalia tu ikikua.

Mwana_Kamusi #43
Haisimami. *Pin-wing* inapotokea, inatokea baada ya tahajia za *pengwin* kuwa zimeshazoeleka. Ni jaribio la kuelewa neno geni, kama aliyesikia jina asilolijua akalivika maneno anayoyajua.

Zuwena_T #44
Hilo hilo linaweza kusemwa kuhusu *pen gwyn*. Mwelisi kasikia jina geni la ndege ambaye hana kichwa cheupe, akalivika Kiwelisi.

Mchimba_Maneno #45
Nimehesabu: baka la jicho, mwamba wenye chokaa, Wabretoni, unono, pini. Mzee wa Ngeli, ile *g* yako bado inanisumbua. Hivi Wawelisi wa leo wenyewe wanamwitaje?

Mzee_wa_Ngeli #46
*Pengwin*. Wingi *pengwiniaid*. Kwa *i*, si kwa *y*. Wanaliandika kama neno la kuazima.

Zuwena_T #47
Asante mzee. Nalala vizuri leo.

Mwana_Kamusi #48
Usilale. Neno likitoka nyumbani likarudi baada ya miaka mia mbili na nguo za kigeni, linapokewa kama mgeni pia. Tahajia ya leo haituambii lolote la 1577.

Salma_Msomaji #49
Nami nimeona *pili-pala* kwenye kamusi yao. Pilipili?

Mzee_wa_Ngeli #50
Kipepeo. Fungua uzi wake, dada.